Ua la Kivulini

Sisi watu wa Shinyanga tumezoea habari za vitu vinavyotoka katika ardhi yetu na kwenda mbali. Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mtu wa Kanada, alipata almasi pale Mwadui, si mbali na mji wetu. Mwaka 1947 likachimbuliwa huko jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54 na nusu, naye Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza liwe zawadi ya harusi yake. Lilipokwisha kukatwa na kusuguliwa zilibaki karati 23 na ushei, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi iliyotengenezwa kwa umbo la ua. Basi, msomaji wangu, kwa miaka mingi kulikuwa na ua moja la Shinyanga likionekana kifuani mwa malkia, na wengi waliolitazama hawakujua kijiji lilikotoka.

Upande wa Geita ni dhahabu. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa tunaoujua sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Dhahabu ina uzuri mmoja: ina mizani. Mtu anaweza kuipima, kuiandika daftarini na kudai mrabaha. Sheria ya mwaka 2010 iliuweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 4, na mabadiliko ya mwaka 2017 yakaupandisha hadi asilimia 6. Mwaka huohuo wa 2017 nchi nzima ilikuwa ikibishana juu ya makontena ya makinikia yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam, hata wazee wa bao hapa kwetu wakawa wataalamu wa madini. Nami nilisikiliza mabishano yale kwa furaha ya mwalimu mstaafu, maana ni nadra sana kuona watu wazima wakipiga hesabu za asilimia kwa hiari yao.

Lakini katika insha hii nataka kueleza habari za kitu kingine kilichotoka Tanzania, ambacho hakikupita katika mizani yoyote wala hakikulipiwa mrabaha, kwa sababu kiliondoka kikiwa chepesi sana. Ni ua. Wajerumani huliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Waingereza na Wamarekani wamelipa jina pana zaidi, urujuani wa Afrika, na kwa maoni yangu hapo Wajerumani wamekuwa waungwana zaidi. Kuliita ua la Tanga kuwa la Afrika ni sawa na kuiita almasi ya Mwadui jiwe la dunia. Si uongo, lakini hakumsaidii mtu anayetaka kufika.

Si mti wala kichaka. Ni mmea mdogo unaoweza kukaa katika kiganja cha mkono, wenye majani mazito ya mviringo yaliyofunikwa na manyoya laini, nayo yamejipanga kulizunguka shina fupi kama sinia. Katikati hutoka vikonyo vyembamba vyenye maua ya buluu iliyoelekea zambarau. Kila ua lina petali tano, mbili za juu zikiwa ndogo kuliko tatu za chini, na katikati kuna vidoto viwili vya njano vyenye chavua. Kwa asili yake hukaa juu ya mawe, ndani ya misitu ya mvua, mahali ambapo jua halifiki ila kwa kupenya penye majani ya miti mirefu. Udongo wake ni mboji kidogo na kuvu za mawe zilizoshika unyevu katika nyufa. Jua kali likiupiga kwa siku chache tu, majani huungua. Kwa hiyo maisha yake yote yanategemea kivuli cha wengine.

Historia yake ya kuandikwa huanza mwaka 1892. Wakati huo serikali ya Wajerumani ilikuwa imeushika mwambao kwa muda mfupi tu, na vita vya Abushiri vilikuwa bado katika kumbukumbu za karibu. Mkuu wa wilaya ya Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire, mtu wa ukoo wa mabwana. Alikuwa amejifunza Kiswahili kiasi cha kuandika kitabu cha kuwafundishia Wajerumani wenzake lugha yetu, kilichochapwa mwaka 1890. Huyu aliliona ua hili katika milima ya Usambara na pia katika mawe yaliyo karibu na mji wa Tanga, likampendeza, akampelekea baba yake Ulaya. Baba huyo alikuwa mpenzi wa mimea, na makazi yake yalikuwa Silesia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Poland. Naye akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen, mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliandika maelezo ya kitaalamu na kuupa mmea jina la Kilatini, Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni kwa heshima ya baba na mwana, na la pili maana yake ni lenye maua mfano wa urujuani. Ukweli ni kwamba halina undugu wowote na urujuani wa Ulaya, ni kufanana kwa rangi tu.

Vitabu husema kwamba bwana huyo aliligundua ua. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na neno hili "kugundua" limenipa kazi kila mwaka, kwa sababu wanafunzi wa kila darasa walitaka kujua iwapo Wachaga walikuwa wakiuona Kilimanjaro kabla ya Rebmann kufika mwaka 1848. Washambaa walikuwa wakipita kando ya mawe yale vizazi na vizazi, wakienda mashambani na kurudi. Tena hata kwa Wazungu wenyewe Saint Paul hakuwa wa kwanza. Mwaka 1884 John Kirk, yule balozi wa Uingereza huko Unguja aliyemshurutisha Sultani Barghash atie sahihi mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa, alikuwa amekwisha kupeleka mmea uliokaushwa katika bustani ya Kew, London. Mwaka 1887 akafuata Kasisi William Taylor, aliyekuwa upande wa Mombasa. Taylor huyu ndiye yule aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji yasipotee, na kila apendaye ushairi wa Kiswahili ana deni kwake. Basi aliokota mashairi kwa mkono mmoja na maua kwa mkono wa pili. Lakini vielelezo vyake na vya Kirk havikutosha kuandikiwa maelezo, vikakaa kabatini. Hivyo jina likaenda kwa yule ambaye mmea wake ulifika ukiwa hai. Nadhani hapa pana siri kubwa ya mambo mengi ya historia: anayekumbukwa ni yule ambaye mzigo wake umefika mzima.

Sasa nataka msomaji aushike vizuri mwaka huo wa 1893, kwa sababu ndani yake kuna jambo lililogusa nyumba yetu sisi Wasukuma tulioko mbali na Tanga. Mwaka huohuo Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Asili ya mmea huo ni Meksiko. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka katika miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yote ya mkonge ya Tanga, Korogwe, Morogoro na kwingineko, hata kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 mavuno yalipita tani 200,000. Mmea mmoja ukaingia kwa mlango wa Tanga, mwingine ukatoka kwa mlango huohuo. Ulioingia hupenda jua kali, na uliotoka hulikimbia. Ulioingia ulihitaji watu, na watu hao walitoka kwetu.

Baba yangu mkubwa alikuwa manamba. Vijana wa leo hawalijui neno hili, kwa hiyo nitaeleza. Wafanyakazi wa mkataba walioandikishwa mikoani na kupelekwa katika mashamba ya mkonge walipewa namba, na kwa sababu ya namba hizo wakaitwa manamba. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wengi miongoni mwao. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu iliyojulikana kwa jina la SILABU, na watu walisafirishwa kwa gari moshi na malori kama shehena nyingine yoyote. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Mtu akikamilisha siku hizo ndipo alipwe. Baba mkubwa alikwenda mara mbili. Mara ya pili msimamizi mmoja wa shamba, ambaye yeye mwenyewe hakupenda kumtaja na mimi simtaji, alimfutia siku tisa katika kipande kwa madai kwamba matita ya majani yalikuwa pungufu. Alirudi na blanketi, taa ya kandili, na makovu ya miiba ya mkonge mikononi ambayo sisi watoto tulipenda kuyahesabu.

Katika masimulizi yake ya jioni kulikuwa na milima. Alisema kwamba kutoka katika mistari ya mkonge, ambamo hamna hata mti mmoja wa kujikinga na jua, alikuwa akiiona milima ya Usambara ikiwa imejifunika ukungu hadi saa nne asubuhi, na kwamba watu wa kazi walikuwa wakisema juu kule ni baridi. Hakupanda kamwe. Alikaa chini yake karibu miaka minne jumla, na ua lile lilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka kambini kwake.

Mimi ndiye niliyepanda. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 nilisoma chuo cha ualimu kilichokuwa chini ya milima hiyo, na mkufunzi wetu wa elimu ya viumbe alitupeleka Amani kwa lori. Amani ni mahali penye historia yake. Wajerumani walijenga huko mwaka 1902 kituo cha uchunguzi wa kilimo na mimea, kikubwa kuliko vingine katika makoloni yao ya Afrika, wakajaribu mimea ya kutoka kila pembe ya dunia. Waingereza wakakiendeleza baada ya vita hadi utafiti wa kilimo ulipohamishiwa Muguga, Kenya, na baadaye nyumba zile zikawa za utafiti wa malaria. Tulitembea katika njia nyembamba chini ya miti ambayo sisi wa nchi kavu hatukuwa tumeota. Mkufunzi akasimama mbele ya jiwe kubwa linalochuruzika maji, akasema, "Haya, vijana, tazameni bila kugusa." Maua yalikuwa machache, yamejificha. Mwenzangu mmoja kutoka Maswa aliuliza kama ng'ombe wanayala. Tukacheka sote, lakini kwa Msukuma lile lilikuwa swali la kitaalamu kabisa.

Wakati sisi tunalitazama jiweni, ua hilo lilikuwa limekwisha kuizunguka dunia. Mfanyabiashara wa mbegu wa Ujerumani, Ernst Benary wa Erfurt, alikuwa ameanza kuliuza mapema. Katika miaka ya 1920 kampuni moja ya bustani ya Los Angeles, Armacost na Royston, iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche kama elfu moja, ikachagua kumi iliyo bora na kuipa majina. Majina hayo nimeyasoma kwa makini: Blue Boy, Sailor Boy, Admiral, Commodore, Neptune, Viking, Norseman, Mermaid, Amethyst. Ni mabaharia, mungu wa bahari, nguva na watu wa kaskazini ya Ulaya. La kumi halikupewa jina, liliitwa namba 32. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba mkubwa, nikakiweka kitabu chini kwa muda.

Kilicholisaidia ua kushinda huko Marekani si uzuri wake peke yake. Mwanga hafifu wa dirishani katika nyumba za nchi za baridi hufanana na mwanga wa chini ya msitu wa Amani, na joto la ndani ya nyumba hizo wakati wa kipupwe linafanana na joto la Usambara. Taa za umeme za mirija zilipoenea, hata vyumba visivyo na dirisha zuri vikafaa. Tena jani moja tu likichomekwa katika mchanga wenye unyevu huota mizizi na kuzaa mche mpya, kwa hiyo jirani humpa jirani bila gharama. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili walifanya maonyesho mjini Atlanta na kuunda chama chao, ambacho kipo hadi leo. Yamezalishwa maua meupe, ya waridi, yenye petali nyingi, yenye kingo za mikunjo. Aina zilizosajiliwa ni maelfu, na kila mwaka huuzwa vyungu kwa mamilioni.

Je, tudai chetu? Swali hili nimeulizwa, na siwezi kulikwepa. Mwaka 1992, huko Rio de Janeiro, mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Bayoanuwai kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na viumbe vyake, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika 2014, ikaeleza namna ya kugawana faida. Lakini makubaliano hayo hayakuandikwa kurudi nyuma hadi 1892. Na mtu wa historia akishika kalamu lazima ashike pia kioo. Mkonge tuliutoa Meksiko. Mahindi tunayosaga, mihogo na viazi vitamu tunavyochemsha, karanga, na hata pamba iliyojenga nyumba za bati za Usukuma, asili yake ni Amerika, na hakuna Msukuma aliyewahi kumpelekea Mmeksiko senti moja. Kwa hiyo mimi sina hasira kuhusu ua kusafiri. Mbegu husafiri, ndivyo ilivyo tangu zamani. Kinachoniuma ni zile siku tisa zilizofutwa, maana kazi ya mtu si mbegu, haioti tena. Na kinachonitia wasiwasi ni lile jiwe, kwa kuwa limebaki mikononi mwetu wenyewe.

Maana jambo la ajabu ni hili: ua lililo na mamilioni ya vyungu duniani ni adimu nyumbani kwake. Nje ya Tanzania hupatikana kwa asili katika milima ya Taita na mwambao wa Kenya, na mahali pengine popote halipo. Hapa nchini liko Usambara, Uluguru, Nguru na milima mingine ya karibu, na mahali pengi ni katika kundi la mawe tu. Mawe haya yakiwa na aina yake, mawe yale ya mlima wa pili yana aina nyingine, yenye manyoya au jani tofauti kidogo. Mtaalamu wa Edinburgh, B. L. Burtt, aliyetumia miaka mingi kuyachambua, alitoa majina mengi, na baadhi ni ya mahali: Tongwe, Shume. Idadi ikafika kama ishirini. Mwaka 2006 mtaalamu mwingine akazikusanya zikabaki takriban sita, na mwaka 2015 wataalamu wakaamua kwamba Saintpaulia yenyewe si ukoo unaosimama peke yake, ikaingizwa ndani ya ukoo mkubwa wa Streptocarpus. Kwa hiyo jina la bwana mkuu wa wilaya ya Tanga limeshushwa cheo. Jina la Usambara bado linatajwa kila siku na wanawake wa Ujerumani wanaonunua maua sokoni, wala sidhani kama kuna mkutano wa wataalamu utakaoliondoa.

Adui wa ua hili si mchumaji bali jua. Ukikata mti mkubwa, hata usipoligusa jiwe, umeliua. Katika miaka ya 1970 na 1980 miti ya Usambara Mashariki ilikatwa kwa mashine, kwa ajili ya viwanda vya mbao vilivyopata misaada kutoka nje, hadi kelele za wanasayansi zilipozidi na ukataji huo ukasimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya namna yake nchini, yenye eneo la hekta zaidi ya 8,000. Maua yangelikuwa sababu ndogo. Sababu kubwa ilikuwa maji, kwa kuwa mto Sigi unaoshuka kutoka huko ndio unaonywesha mji wa Tanga.

Lakini kuna habari ya iliki, na hii ndiyo inayonifanya nisiweze kusema mambo haya kwa wepesi. Iliki nayo hupenda kivuli. Mkulima wa Usambara aliipanda chini ya miti mirefu, akaacha miti ikisimama na kufyeka vile vidogo tu vya chini, hivi kwamba ukitazama kutoka mbali unauona msitu mzima. Ndani hamna miti michanga ya kushika nafasi ya wazee. Baada ya miaka kadhaa ardhi huchoka, iliki hupungua, na hapo ndipo miti mirefu nayo huangushwa ili ipandwe mimea mingine. Msitu wa Derema ulikuwa hivyo, nao ni kiungo kati ya misitu miwili. Katika miaka ya 2000 wakulima zaidi ya 1,000 walitakiwa kuiacha iliki yao huko kwa fidia, ili msitu uhifadhiwe. Watu hawa hawakuwa wahalifu. Iliki ilikuwa fedha yao ya ada za shule. Nimekuwa mkuu wa shule. Najua sura ya mzazi ambaye zao lake limekwama, jinsi anavyokaa kwenye ukingo wa kiti. Fidia huhesabu mashina yaliyopo siku ya kuhesabu. Haina safu ya kuandikia kile ambacho mtoto angelipiwa mwaka wa tano baadaye. Hata hivyo nikiulizwa kama Derema ilipaswa kulindwa, nitajibu ndiyo. Majibu haya mawili yanakaa ndani yangu pamoja, na hayajapatana.

Pengine nasema hivyo kwa sababu natoka mahali ambapo msitu uliwahi kwisha. Shinyanga ya utoto wangu ilikuwa tayari imefyekwa kwa ajili ya kupambana na mbung'o na kulima pamba, na uhamiaji wa vijiji wa mwaka 1974 ukamalizia iliyobaki karibu na makazi. Wanafunzi wangu walikuwa wakitembea kilomita nyingi kutafuta kuni za jikoni la shule. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Ulifanya jambo la busara: haukuleta miti mipya tu, ulirudisha desturi ya zamani ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho lisiguswe hadi kiangazi. Ukilifunga, visiki huchipua vyenyewe. Hekta mia chache zikawa mamia ya maelfu, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Migunga imerudi, na mkulagembe, kichaka cha miiba chenye maua ya rangi mbili, waridi na njano, yanayoning'inia kama hereni. Wafugaji hawaupendi sana unaposongamana, lakini mimi humwona nyuki akiushukuru. Ngitili inaweza kurudi kwa sababu mizizi ipo chini. Jiwe la Usambara halina mizizi ya akiba.

Miaka michache iliyopita alikuja kunisalimu mama mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, sasa ni karani Geita. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akatoa mfukoni mwa karatasi chungu kidogo cha plastiki.

"Mwalimu, nimekuletea ua la Kizungu. Nimelinunua Dar es Salaam, kando ya barabara."

Kwenye chungu kulikuwa na kibandiko chenye maandishi ya kigeni. Nikamwambia, "Mwanangu, ua hili ni la Tanga." Hakuamini. Nikaenda kumletea ramani, na nilipomwonyesha Amani alinyamaza, kisha akauliza kwa nini katika vitabu vyetu mkonge ulikuwa na sura nzima na hili halikuwa na hata mstari. Nikamjibu kwamba vitabu vya shule hupenda vitu vinavyopimwa kwa tani.

Hali ya hewa ya Shinyanga si rafiki yake. Nimeliweka barazani upande wa mashariki, penye kivuli cha mwembe, ambapo jua la asubuhi hufika kidogo na la mchana halifiki kabisa. Chungu hukaa juu ya sahani yenye kokoto na maji, ili hewa inayolizunguka iwe na unyevu. Nalinywesha kutoka chini, kwa maji yasiyo baridi, kwa sababu tone la maji baridi juu ya jani huacha doa lisilofutika. Udongo ni mboji iliyooza chini ya mwembe huohuo, iliyochanganywa na mchanga wa mtoni. Baada ya mvua za masika nilikata majani manne na kuyachomeka katika kopo la mchanga. Moja lilioza, matatu yakatoa miche. Chungu kimoja nimempa jirani, mjane wa mwalimu mwenzangu, na kingine yule mama wa Geita alipopita tena alikichukua, akakipakata katika basi hadi kwake. Anasema kipo ofisini, dirisha la kusini, na kimetoa maua sita.